Maswali ya Wasomaji: Geji za Gari la Tabo, Kabla Hujatoboa Dashibodi

Barua sita za safari hii zimetoka Tabora na Kigoma, na zote zinahusu geji mbili: ya uwiano wa hewa na mafuta, na ya busti, yaani presha ya hewa ambayo tabo (feni inayozungushwa na moshi wa egzosi) inasukuma kwenye injini. Tunajibu kwa mfuatano ambao mtu anayeanza anaweza kuufuata.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Nina Subaru Impreza WRX ya injini EJ20. Limenifikia likiwa na filta ya hewa ya koni na bomba pana la egzosi nyuma ya tabo. Hela yangu inatosha geji moja nzuri. Nianze na ipi? Dukani kuna nyingine ya bei ndogo yenye vitaa vinavyocheza rangi, na muuzaji anasema nayo inapima hewa na mafuta. *Msomaji, Kanyenye, Tabora*

JIBU: Marahaba. Anza na ya hewa na mafuta. Gari lingekuwa kama lilivyotoka kiwandani tungekushauri uanze na busti, kwa sababu ni rahisi kufunga na inaonyesha afya ya tabo. Lako limeshaguswa sehemu mbili mbaya. EJ20 inapima hewa inayoingia kwa sensa iliyo baada ya filta. Ukiweka koni, hewa inapita kwenye sensa ile kwa namna ambayo kontroboksi (kompyuta ya injini) haikupangiwa. Bomba pana nalo linairahisishia tabo kuzunguka, na busti inaweza kupanda zaidi ya kiwango cha kiwandani. Hewa imeongezeka na kipimo chake kimevurugika. Kinachobaki kujua ni kama petroli inayotoka kwenye nozeli inatosha, na hilo geji ya busti haiwezi kukwambia.

Petroli huungua yote pamoja na hewa yote kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya mafuta, kwa uzito. Huo ndio uwiano wa sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) na wa mwendo wa kawaida. Ukikanyaga na tabo ikajaza, injini inahitaji mafuta ya ziada ya kupooza chumba cha moto, na geji inapaswa kusoma kati ya 11.0 na 11.8. Ikipanda juu ya 12.5 huku busti ikiwa imejaa, mchanganyiko ni mkavu, yaani mafuta ni machache kwa hewa iliyopo: joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni inavunjika kwenye kingo za ringi. Kumbuka pia kwamba magari haya yalipangwa kwa petroli ya premiamu ya Japan, ambayo kiwango chake cha chini ni oktani 96 kwa kipimo cha RON. Ukijaza ya oktani ndogo kuliko hiyo, nafasi ya kukosea inakuwa finyu zaidi.

Hiyo ya vitaa iache dukani. Inasoma sensa ya kawaida ya oksijeni, ambayo hutoa voti 0 hadi 1 na kazi yake ni moja tu: kujua kama uko juu au chini ya 14.7. Hapo katikati, kwenye voti 0.45, inaruka ghafla, ndiyo maana vitaa vinacheza. Ukishaingia kwenye mafuta mengi voti zinakaa karibu na 0.9 na hazibadiliki sana, kwa hiyo 11.5 iliyo salama na 12.8 ya hatari zote zinawaka rangi ileile. Isitoshe, baadhi ya Subaru na Toyota zina sensa ya mbele ya aina nyingine kabisa. Ukiunga waya wa geji hiyo pale, unapata usomaji wa uongo na unaivuruga kontroboksi.

Tafuta geji inayokuja na sensa yake ya upana mkubwa (wideband), inayosoma uwiano wenyewe kwa namba. Sensa yenyewe iwe Bosch LSU 4.9, namba ya kipuri 0 258 017 025. AEM X-Series na Innovate MTX-L Plus zinatumia sensa hiyo. Nyingi za zamani zilitumia LSU 4.2, na kwa baadhi yake inabidi kila baada ya muda uichomoe sensa kwenye bomba na kuipima upya kwenye hewa safi. Ukikuta geji kuukuu kwa bei nzuri, uliza kwanza inatumia sensa ipi.

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua geji ya busti ya umeme kwa ajili ya Forester la tabo. Nikifungua swichi kabla ya kuwasha inaonyesha −0.08, na kwenye sailensa inasoma −0.57. Rafiki yangu wa Dar es Salaam mwenye gari kama langu anapata −0.66. Fundi anasema injini yangu inavuta hewa pembeni. Nifungue injini? Na je, ningenunua ya mpira badala ya umeme? *Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Usifungue kitu. Injini yako iko juu zaidi ya ile ya rafiki yako, na hilo peke yake linapunguza namba; kinachobaki kukaguliwa ni sifuri ya geji na mipira ya hewa.

Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye mwinuko wa mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari. Presha ya hewa ya kawaida Dar es Salaam ni karibu kilopaskali 101. Kwenu ni karibu 92, na Tabora, kwenye mita kama 1,200, ni karibu 88. Geji ya busti haipimi presha kamili. Inapima tofauti kati ya ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na hewa ya nje, kwa bar; bar 1 ni kilopaskali 100. Injini yenye afya kwenye sailensa huwa na kilopaskali 35 hivi ndani ya manifodi. Toa 35 kwenye 101, unapata 66, ndiyo −0.66 ya rafiki yako. Toa 35 kwenye 92, unapata 57, ndiyo −0.57 ambayo geji yenye sifuri sahihi ingeonyesha kwenu. Tabora gari hilohilo lingesoma −0.53.

Hiyo −0.08 ya kabla ya kuwasha ndiyo ya kuiangalia. Baadhi ya geji za umeme hujipanga kwenye sifuri kila unapofungua swichi. Nyingine zimepangwa kiwandani kwa presha ya usawa wa bahari, na huku kwetu zinaonyesha sifuri ya uongo. Injini ikiwa imezimwa, angalia inasimama wapi. Ikisimama kwenye −0.08, kila namba utakayosoma baadaye iongezee 0.08. Ukifanya hivyo, −0.57 yako inakuwa −0.49, na hapo tunakuomba jambo moja dogo kabla ya kulala usingizi: injini ikiwa ya moto, eyakondisheni na taa zikiwa zimezimwa, soma tena. Ikibaki −0.49 baada ya kuongeza ile 0.08, puliza sabuni ya maji kwenye maungio ya mipira ya manifodi, moja baada ya jingine, na usikilize kama sailensa inabadilika. Mpira mmoja uliokauka unatosha kuleta tofauti hiyo, na mpira hubadilishwa bila kufungua injini. Geji ya mpira, yaani ile ya mshale usio na umeme, haina tatizo la sifuri kwa sababu inajilinganisha yenyewe na hewa iliyo ndani ya gari.

Mwinuko una jambo zito zaidi kwa wanaopandisha busti. Geji ikisoma 0.9 Dar es Salaam, ndani ya manifodi kuna kilopaskali 191. Ikisoma 0.9 Tabora, ndani kuna 178. Mtu wa Tabora akitaka hewa sawa na ya rafiki yake wa pwani itabidi apandishe hadi 1.03, na tabo yake itakandamiza hewa mara 2.2 wakati ile ya pwani inakandamiza mara 1.9. Inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa tabo za kiwandani za 1JZ-GTE (injini ya Toyota) za mwanzo, ambazo gurudumu lake la upande wa egzosi ni la kauri, kasi hiyo ndiyo inayopasua gurudumu. Namba ya busti ya mtu wa pwani usiinakili.

Kuhusu umeme au mpira, umechagua vizuri. Ya mpira inakulazimu kupitisha bomba la kutoka manifodi hadi ndani ya kebini, likipita kwenye ukuta wa injini ambapo bati linaweza kulikata. Likikatika, injini inavuta hewa isiyopimwa na mvuke wa petroli unaingia kwa dereva. Ya umeme inaacha sensa upande wa injini, nyaya tu ndizo zinazoingia ndani.

Sehemu ya kuunga T (kiungio cha njia tatu cha kuchukulia presha) ni muhimu kuliko jina la geji. Unataka mpira unaotoka kwenye manifodi, baada ya kipepeo cha hewa. Usiunge kwenye mpira wa hidrovaki ya breki, kwa sababu una vali ya njia moja: utasoma mvuto, busti hutaiona. Usiunge kwenye mpira unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye kifaa kinachofungua geti la tabo (mlango unaopitisha moshi pembeni ili busti isizidi). Pale hakuna mvuto kabisa, na T ikichomoka, geti halifunguki na busti inapanda bila breki. Mpira wa regyuleta ya petroli (kidhibiti cha presha yake) wengi wanautumia kwa kuwa uko karibu. Sisi hatuupendi. Ukivuja, presha ya petroli haipandi pamoja na busti na injini inakauka pale pale inapohitaji mafuta. Kwenye Forester tumia mpira mdogo unaokwenda kwenye vali ya kurudisha hewa. Mpira wa silikoni wa kipenyo cha ndani milimita 4, klipu kila ncha, na sensa ifungwe kwenye bodi, si juu ya injini inayotetemeka.

SWALI: Gari ni Toyota Chaser, 1JZ-GTE. Fundi anataka kuchomelea sensa ya hewa na mafuta kwenye manifodi ya egzosi kabla ya tabo, anasema huko moshi ni halisi zaidi. Pia waya wa sensa ni mfupi, anataka kuukata aunge. *Msomaji, Kasulu, Kigoma*

JIBU: Mzuie kwa yote mawili.

Kabla ya tabo kuna presha kubwa ya moshi, na presha ileile inaifanya sensa isome vibaya. Kuna joto pia: LSU 4.9 imetengenezwa kwa moshi usiozidi nyuzi 930 za Selsiasi, na injini ya tabo ikisukumwa inaweza kufika huko kabla ya moshi kuingia kwenye tabo. Mahali pake ni kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo, sentimita 60 hadi 90 baada yake, na kabla ya katalitiki (kisafisha moshi) kama bado ipo. Hakikisha hakuna uvujaji wa egzosi kabla ya sensa. Hata ufa mdogo wa gasketi huvuta hewa ya nje kwenye sailensa na geji inadanganya kwamba mchanganyiko ni mkavu.

Fikiria bomba kama uso wa saa ukiliangalia kwa mbele. Sensa ikae kati ya saa nne na saa nane, yaani kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa, kwa upande wa juu, ili maji yanayotonea ndani ya bomba asubuhi yasikimbilie kwenye kauri yake. Ikiwekwa chini ya bomba, maji yanakutana na kauri ya moto na inapasuka.

Nati ya kuchomelea ni ya uzi wa M18 × 1.5. Kabla ya kuchomelea ondoa terminali ya betri, toa sensa mpya uiweke mbali, halafu funga kwenye nati sensa kuukuu au bolti ya uzi uleule. Joto la kuchomelea hupinda uzi, na bolti ile inaulinda. Funga klampu ya mashine ya kuchomelea kwenye bomba lenyewe. Ukimaliza, sensa ikazwe kwa Nm 40 hadi 60. Grisi ya uzi inayokuja nayo iguse uzi tu, isifike kwenye ncha.

Waya. Kila LSU 4.9 hupimwa kiwandani, kisha ndani ya plagi yake huwekwa kizuizi kidogo cha umeme kinachoiambia geji tabia ya sensa hiyo. Ukikata plagi, au ukaweka plagi ya sensa nyingine, geji inasoma kwa kipimo cha sensa isiyo yake. Urefu ukipungua, ongeza waya upande wa geji, baada ya plagi. Kisha umeme: chukua kwenye waya unaopata moto swichi ikiwa ON na usiokatika wakati wa kupiga stata, weka fyuzi ya ampea 10, usichukue kwenye soketi ya kiberiti wala kwenye pampu ya petroli. Hita ya sensa inavuta umeme wa kutosha kuwasumbua majirani zake. Waya wa athi upelekwe kwenye injini au pale kontroboksi inapochukua athi yake. Kama siku moja utaipeleka ishara ya geji kwenye kontroboksi, tofauti ya voti 0.1 ya athi mbaya kwenye AEM X-Series inageuka kosa la karibu 0.24 kwenye uwiano. Hiyo inatosha kumfanya mpangaji wa kontroboksi apange kitu kibaya kwa nia njema.

SWALI: Geji zangu zote mbili zinafanya kazi. Sailensa 14.7, mwendo wa kawaida 14.6. Nikikanyaga gia ya tatu inaanza 11.6, lakini kufika mizunguko 5,500 inapanda hadi 13.0, busti ikiwa imesimama 0.8. Nikiachia mguu inaonyesha vistari. Gari ni Caldina GT-T. *Msomaji, Nzega, Tabora*

JIBU: Vistari ni sawa, kontroboksi inakata petroli ukiachia mguu na moshi unakuwa hewa tupu. Hiyo 13.0 si sawa. Kuanzia leo usikanyage hadi mwisho mpaka uwe umemaliza yafuatayo.

Ulivyoandika ni picha ya petroli inayoanza vizuri halafu kushindwa kufuata. Busti haijabadilika na mizunguko imeongezeka, kwa hiyo injini inataka mafuta mengi zaidi kwa kila sekunde na hayaji. Unganisha geji ya presha ya petroli kwenye paipu inayokwenda kwenye nozeli. Kwenye sailensa, chomoa mpira wa regyuleta na uuzibe. Kwa injini nyingi za aina hii utasoma karibu bar 3. Urudishe mpira. Ukikanyaga, presha inapaswa kupanda sawa na busti: bar 3 jumlisha 0.8 ni 3.8.

Ikipanda kisha ikashuka kwenye mizunguko ya juu, tatizo ni pampu, filta, au umeme wa pampu. Anza na kisicho na gharama: pima voti kwenye plagi ya pampu yenyewe injini ikifanya kazi, ulinganishe na voti za betri. Tofauti ikizidi nusu voti, waya au rilei imechoka, na pampu mpya haitasaidia. Voti zikiwa nzima, badilisha filta na uangalie kichujio cha ndani ya tenki. Petroli iliyopita kwenye vidumu huja na mchanga na maji, na kichujio kile ndicho kinachoyapokea. Pampu ibadilishwe mwisho.

Presha isipopanda kabisa na busti, mpira wa regyuleta umepasuka au umeungwa mahali pabaya. Presha ikiwa imara kwenye 3.8 na geji bado inasoma 13.0, nozeli zimeziba; zipelekwe zikapimwe zote nne kwenye mashine, moja moja.

Kuna uwezekano mmoja unaofanana na huo. Gari likishtuka-shtuka wakati geji inapanda, huenda ni plagi ya cheche inayokosa moto. Hewa ambayo haikuungua inapita kwenye sensa nayo inasoma oksijeni, hivyo geji inaonyesha ukavu usiokuwapo. Funga pengo la plagi hadi milimita 0.7 ujaribu tena, kwa mkanyago mfupi. Majaribio yote mwenzako akae kando arekodi geji kwa simu. Macho ya dereva yabaki barabarani.

Kwa wenye Subaru, kumbukeni kinyume chake. Ikisoma 10.0 na moshi mweusi huku busti ikiwa ndogo, tafuteni paipu ya intakula (kipoozi cha hewa inayotoka kwenye tabo) iliyochomoka. Hewa imeshapimwa na mafuta yake yametolewa, kisha hewa ikavujia nje. Na ikisoma ukavu kila mahali baada ya kiangazi chenye vumbi, sensa ya kupima hewa imechafuka. Isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza tu, bila brashi wala kitambaa, na ikauke kabla ya kurudishwa.

SWALI: Geji za kutoka Japan zina namba ndogondogo, za Marekani zina kubwa. Nichukue ipi, na ifike ngapi? *Msomaji, Ujiji, Kigoma*

JIBU: Zinapima kitu kilekile. Bar 1 ni kilopaskali 100, ni psi 14.5, ni kilo 1.02 kwa sentimita ya mraba. Geji ya Japan iliyoandikwa × 100 kPa ikisoma 0.9, hiyo ni psi 13. Kwa gari la busti ya kiwandani chukua inayoishia bar 2. Zile za psi 60 ni za dizeli. Mshale wako utacheza kwenye kona moja ndogo na hutaona badiliko la 0.1, ambalo ndilo unalolitafuta. Kipenyo cha milimita 52 kinapatikana kirahisi zaidi na mabano yake ni mengi. Usifunge kwenye nguzo ya kioo kama ina eyabegi.

SWALI: Sensa yangu ya LSU 4.9 imekufa baada ya miezi minne. Geji inaandika kosa. Niagize nyingine Kariakoo? *Msomaji, Urambo, Tabora*

JIBU: Kabla ya kuagiza, jua kilichoiua, la sivyo ya pili itaifuata. Chomoa na utazame ncha yake.

Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, ama gari linakula mafuta mengi, ama liliendeshwa sensa ikiwa kwenye bomba lakini haina umeme. Sensa isiyopashwa moto na hita yake inajaa masizi na kufa. Fundi akichomoa geji kwa matengenezo, sensa nayo itoke na tundu lizibwe. Ikiwa na utando mweupe, mtuhumiwa ni silikoni ya gasketi isiyo ya injini zenye sensa, au maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda; pima kama maji yanapungua bila kuvuja nje. Utando wa kahawia wenye mafuta, pamoja na moshi wa bluu ukiachia mguu, unaelekeza kwenye sili za tabo au ringi. Na kama kuna mtu alikuuzia petroli ya ndege kwa ahadi ya nguvu zaidi, sababu umeipata: ile ya 100LL ina risasi, na risasi inaua sensa hizi.

Ncha ikiwa safi, pima hita kwa mita upande wa plagi ya sensa, pini ya 3 na ya 4, sensa ikiwa baridi. Utarajie ohm 3 hivi. Mita isiposoma kitu, hita imekatika, mara nyingi kwa maji au kwa kuangushwa sakafuni. Ikisoma vizuri, rudi kwenye waya na fyuzi kabla ya kutuma hela. Ukiagiza, mwombe muuzaji akupigie picha ya namba iliyochongwa kwenye chuma cha sensa, si ya boksi. Za bandia zinauzwa kwenye maboksi mazuri. Ikifika, iunge nje ya bomba, fungua swichi, subiri hita ipashe moto. Kwenye hewa safi geji inapaswa kwenda mwisho kabisa upande wa ukavu na kutulia pale. Ikiyumba au kusoma namba ya katikati, irudishe kabla haijaguswa na moshi.